Kabla ya kidonge, turubai

Dada mmoja wa Mbale ameniandikia: eti kuna kidonge cha kijani kinachozuia saratani ya ini, nimwelekeze kinauzwa wapi. Kidonge kipo, ila kwamba kinazuia saratani yenyewe haijathibitishwa. Nisikilize kwanza, maana sumu inayoleta saratani hiyo, sumukuvu, ile ya ukungu wa karanga na mahindi, mimi imenilia mtaji.

Machi 2021, Kenya iliposimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, nilikuwa Busia, mpakani, na magunia arobaini ya karanga. Mnunuzi wangu akaingiwa na woga, akataka zipimwe. Zikazidi kipimo. Nilimtukana sana. Kumbe kosa langu: nilizianika kwenye udongo, mvua ikazikuta mara mbili, nikazifunga mbichi. Gunia la kwanza nililofungua lilitoa vumbi la kijani na harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Na bado nikazipeleka kwa wasaga odi, ile siagi ya karanga! Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hela.

Ukila sumukuvu, ini hujaribu kuitoa, na katika kuigeuza huifanya kali zaidi. Inajibandika kwenye DNA, yaani maelekezo ya urithi ndani ya seli, na kuharibu jeni iitwayo p53, ile inayozuia seli zisizaliane ovyo. Kukaanga hakuimalizi. Ukiwa na homa ya ini B pia, hatari haijumlishwi, inazidishwa.

Kidonge chenyewe ni klorofilini, kinachotokana na rangi ya kijani ya majani. Huinasa sumu tumboni kabla haijafika damuni. Huko Qidong, China, watu 180 waligawanywa makundi mawili. Waliokimeza miligramu 100 kila mlo kwa miezi 4, alama za DNA iliyoharibika kwenye mkojo wao zilikuwa pungufu kwa asilimia 55 kuliko za kundi la pili. Matokeo yalitoka 2001. Zilipungua, dada, hazikuisha.

Kwa hiyo anika juu ya turubai. Anika tena, hadi ukitikisa ganda karanga ilie ndani. Zilizosinyaa na zenye madoa, tupa. Watoto wetu wa Uganda wanachanjwa homa ya ini B tangu 2002. Sisi wakubwa tukapimwe, tuchanjwe. Halafu anika! Ninyi mnaotaka utajiri wa haraka, mnamlisha nani hizo mbovu?

Juzi mama mkwe alikuja na ndoo, achukue nilizochambua awape kuku. Nilizimwaga chooni akiangalia. Tangu Jumapili hajanisemesha.