Ubao wa mnazi utazame kichwani

Wanaoandika kuhusu uhandisi ulioiga viumbe wengi huanzia kwenye treni ya Japani, ile Shinkansen ya mfululizo wa 500 iliyochongwa pua kwa umbo la mdomo wa mdiria ili isipige kishindo inapotoka kwenye handaki. Kazi nzuri, sibishi. Ila mimi ni fundi wa samani na mageti hapa Keko, Dar es Salaam, na niliyojifunza kwenye miti ndiyo yananilipia kodi ya banda. Nitasema hayo.

Tuanze na mnazi. Huu si mti wa aina ya mninga, wenye kiini kigumu ndani. Mnazi hauna hata pete za miaka. Ugumu wake umekaa pembeni na chini, na kadiri unavyosogea katikati au kupanda juu ndivyo unavyolainika. Ndani ya shina moja utapata mbao zinazozidi kilo 600 kwa mita ya ujazo, na nyingine hata 400 hazifiki. Zikisharandwa na kupigwa vanishi zote zinapendeza, na muuzaji atakuambia, "Mnazi ni mnazi, bosi." Usikubali. Geuza ubao, tazama kichwani, pale msumeno ulipokatiza nyuzi. Utaona vidoti vya kahawia iliyokoza. Hayo ni mafungu ya nyuzi, ndiyo yaliyokuwa yanaushikilia mti. Vidoti vikiwa vimesongamana hadi vinakaribia kugusana, huo ni ubao wa pembeni: utoe miguu ya meza, utoe mbavu za kitanda, ila uandae msumeno wa akiba maana unakula meno vibaya. Vikiwa vimetawanyika, na ukibonyeza ukucha katikati yake panabonyea, huo umetoka moyoni mwa mti. Nakshi za ukutani zinautosha. Usimkalishe mtu juu yake.

Kwa nini mti uweke nguvu pembeni? Kusi ikivuma, upande unaopigwa na upepo unavutika, upande wa pili unabanwa, na pale katikati karibu hapana kazi. Mwanzi umekwenda mbali zaidi, ile katikati umeitupa kabisa, na nyuzi zake zimesongamana zaidi karibu na ganda la nje. Galileo aliliandika jambo hili mwaka 1638, akatolea mfano mifupa ya ndege na matete.

Mzee mmoja alikuja na oda ya geti, hataki kusikia habari ya bomba. "Fundi, bomba lina uwazi ndani. Mimi nipigie chuma kizima." Nikamwambia, "Sawa mzee, lakini tupige hesabu kwanza." Chukua nondo ya mm 25. Chuma hichohicho, uzito huohuo, kifanye bomba la duara lenye mm 50 kwa nje na ukuta wa mm 3.3 hivi. Kulipinda bomba hilo kiasi kilekile kunataka nguvu karibu mara 7 ya ile ya kupinda nondo. Kilo za chuma ni zilezile. Mzee alinyamaza, kisha akauliza bei ya rangi.

Bomba nalo lina udhaifu wake, ukuta ukiwa mwembamba unabonyea pale mzigo unapokaa. Mwanzi umelitatua hilo kwa vifundo: kila baada ya kipande kuna kizibo ndani kinachozuia duara lisibonyee. Kwa hiyo pale bawaba zinapobeba geti, chomelea bamba la kuongeza nguvu, usiiachie kazi ngozi ya bomba peke yake. Na ukijenga banda la mianzi, mzigo uuweke karibu na kifundo. Msumari usiuguse kabisa, mwanzi unapasuka kufuata nyuzi hadi mwisho. Toboa kwa keekee, pitisha bolti.

Kona ndizo zinazoniudhi zaidi. Tazama panda ya mwembe, pale tawi linapoachana na shina. Hutakuta pembe kali, mti umepajaza taratibu kwa mzingo laini, kwa sababu kwenye pembe kali nguvu hukusanyika na ufa huanzia hapo. Mjerumani Claus Mattheck wa Karlsruhe alichunguza maumbo ya miti, akatoa humo njia ya kompyuta ya kusanifu vipuri visivyokatika ovyo. Tuliona pia gharama ya kupuuza jambo hili: mwaka 1954 ndege mbili za abiria aina ya Comet zilisambaratika angani, na uchunguzi ukaonyesha uchovu wa metali ulioanzia kwenye kona za matundu yaliyokatwa kwenye bati la bodi. Hapa mjini huhitaji ndege. Pita mtaa wowote utazame madirisha, ufa wa mshazari umetokea konani unapanda ukutani, pengine linta, ile boriti ya juu ya dirisha, ilikatwa fupi.

Kwa hiyo ukichimba mguu wa kiti kwa patasi, kona ya ndani izungushe kwa tupa na msasa. Ukikata tundu la kufuli kwenye bati, toboa kwanza vitundu vya duara kwenye kona nne, ndipo grenda ikate kutoka kitundu hadi kitundu. Na bati likishapasuka, kabla hujachomelea, tafuta ufa ulipoishia utoboe tundu dogo la duara hapo hapo kwenye ncha yake. Usipotoboa, mwenye geti atarudi.