Mtoano: nani acheze, nani akae benchi

Mkuu, umeuliza kwa nini makocha wa kikapu wakifika mtoano wanabaki na wachezaji saba au wanane tu, na kama timu yenu ya Kinondoni ifanye hivyo nusu fainali. Nimekaa benchi misimu kadhaa kama kocha msaidizi wa timu moja hapa Dar. Punguzeni, ila msiige NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kichwakichwa.

Kule mtoano ni mfululizo wa michezo: unakutana na mpinzani yuleyule hadi mara saba. Mchezo wa pili tu wameshajua nani hawezi kukaba, na kila shambulizi wanamtafuta huyo. Ndiyo maana mtu aliyecheza msimu mzima ghafla hapangwi. Lakini wale kazi yao ni hiyo moja, na mara nyingi wanapata siku ya kupumzika katikati. Pointi gadi wetu, yule anayeongoza mashambulizi, alikuwa anatoka kazini Mbagala, anakwama kwenye foleni, anafika Upanga wenzake wameshapasha misuli. Umpe huyo dakika 38 kati ya 40 kwa joto letu hili! Robo ya nne mitupo yake huru inagonga ukingo wa mbele wa ringi. Ikiwa mifupi mara mbili mfululizo, miguu imekwisha. Usimuulize kama amechoka, maana atakwambia yuko fiti.

Sisi tulibaki na tisa, na kabla ya mchezo tulikubaliana jambo moja: pointi gadi na senta, mrefu wa chini ya ringi, hawakai benchi kwa wakati mmoja. Mengine kocha aliamua papo hapo. Pointi gadi tulimtoa dakika mbili za mwisho za robo ya kwanza, tukamrudisha baada ya dakika mbili za robo ya pili. Ukijumlisha mapumziko kati ya robo hizo mbili na saa inavyosimama kila filimbi ikilia, anapumzika muda wa maana, na kwenye mchezo wenyewe umemkosa dakika nne tu.

Wa benchi mpe kazi moja inayoeleweka. Tulikuwa na dogo mmoja hajui kutupa kabisa, lakini anakaba kama kupe. Kocha alimshika bega: "Dakika tatu. Usitupe. Namba saba asipokee mpira." Akacheza faulo mbili, namba saba akaanza kugombana na refa, na pointi gadi wetu akarudi amepumua. Kwenye karatasi ya takwimu dogo alikuwa na sifuri kila safu, na mashabiki wakauliza aliingia kufanya nini.

Kubadilisha kikosi katikati ya mfululizo si woga. Fainali za NBA za 2015, Golden State wakiwa nyuma kwa michezo 2–1 dhidi ya Cleveland, kocha wao Steve Kerr alimweka benchi senta Andrew Bogut akaanza na Andre Iguodala, ambaye msimu wa kawaida hakuanza mchezo hata mmoja. Wakashinda mitatu iliyofuata, Iguodala akawa mchezaji bora wa fainali. Kocha Rick Carlisle alishafanya kama hivyo 2011 na Dallas: nyuma 2–1 dhidi ya Miami, akaanza na J.J. Barea mfupi yule, wakashinda mitatu. Carlisle huyohuyo 2025 akiwa Indiana alitumia watu wengi hata fainali. Mchezo wa tatu benchi lake lilifunga 49, la Oklahoma City 18. Ubingwa aliukosa mchezo wa saba, sawa, lakini mimi kwa mazingira yetu namfuata yeye kuliko kocha wa watu saba.

Watakaopunguzwa waambieni mazoezini, mmoja mmoja, siku kabla ya mchezo. Akigundulia benchi atanuna, na senta akitoka kwa faulo tano utamhitaji huyohuyo aliyenuna.

Halafu hujasema: senta wenu huwa anapata faulo mapema? Kama ndiyo, niambie pia mnakaba mtu kwa mtu au eneo, maana hapo mpango wa robo ya pili unabadilika wote.