Mnaotaka kuwa madaktari wa saratani huku Kusini, anzieni hapa

Wadogo zangu mnaomaliza intanshipu kwenye hospitali za Ligula (Mtwara) na Sokoine (Lindi), kila mara mnaniuliza maswali mawili, onkolojia (udaktari wa saratani) nikasome wapi na utafiti nianze lini. La kwanza jepesi, nenda MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, na mafunzo mengi ya vitendo utayapata Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar. La pili ndo linaniumiza, maana wengi mnadhani utafiti unasubiri digrii ya pili na hela ya wafadhili, kumbe unaanzia kwenye kile kichupa cha kinyama (kipande kidogo kilichokatwa kwa mgonjwa kikapimwe maabara) ulichokishika wodini leo.

Chukulia mama katoka Newala, anatokwa damu na hedhi ilishakoma kitambo, umempima umeona kidonda kwenye mlango wa kizazi, umekata kinyama. Kile kinyama kizame chote kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi kinyama kisiharibike) ya asilimia 10, fomalini iwe kama mara kumi ya kinyama chenyewe, chombo kiwe na mdomo mpana, na jina liandikwe ubavuni mwa chombo sio kwenye mfuniko kwa sababu mifuniko huwa inabadilishwa maabara. Nimeona kinyama kimetumbukizwa kwenye maji ya dripu eti fomalini imeisha stoo, kinafika kimeshaharibika, jibu linarudi sampuli haifai, na yule mama alishaambiwa aende nyumbani asubiri. Unadhani atarudi kukatwa tena? Wengine ndo hatuwaoni mpaka ugonjwa ufike kwenye kibofu, mkojo unavuja, na hapo hata Ocean Road watabaki kumpunguzia maumivu tu.

Kwa hiyo namba za simu chukua ya kwake, ya mtoto wake na ya jirani, andika kijiji na kitongoji, maana msimu wa korosho watu wanahamia shamba na simu inakaa bila chaji. Halafu uwe na daftari, kaunta buku ya kawaida inatosha: umri, anapotoka, saratani imeanzia wapi, imejulikanaje (kwa kinyama au kwa macho tu), tarehe, hatua ya ugonjwa, kapelekwa wapi, na yuko hai au hayupo. Hiyo safu ya mwisho ndo wengi wanaiacha tupu na ndo yenye thamani kuliko zote. Kuna mtu alifanya utafiti mkubwa kwa njia nyepesi kama hii: Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Uganda, mwaka 1958 akaandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto, halafu akawa anazituma fomu na picha kwenye hospitali mbalimbali akiuliza nyie kwenu upo, na 1961 akaendesha gari kutoka Kampala mpaka Afrika Kusini akiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani aliyochora ya sehemu zenye uvimbe huo ndo ikawaelekeza watu kutafuta kirusi kinachouleta, na kile cha Epstein-Barr kikapatikana 1964 kwenye uvimbe wa aina hiyo hiyo. Maabara kubwa hakuwa nayo. Ila jamani, kabla hujageuza faili za watu kuwa makala, pata kibali cha maadili ya utafiti, usikiruke hicho.

Uongozi nao utakukuta tu, huku tuko wachache. Ukishakuwa mganga mfawidhi, ile fomalini iliyokuwa inakukera inakuwa mstari kwenye oda unayosaini wewe. Nauli ya mgonjwa wa rufaa inakuwa kazi yako pia, hata kama hakuna aliyekuandikia hivo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya kwenda Dar kule Somanga, mtu wa kemo (dawa za saratani za kuchomwa) ya kila wiki tatu alikuwa na tarehe yake Dar na basi halipiti. Kiongozi anatakiwa awe na orodha ya watu hao mezani, anawapigia simu mmoja mmoja, anawapigia na Ocean Road kuomba tarehe nyingine, asisubiri mgonjwa ajitetee mwenyewe.

Na msikae hospitalini tu. Kipimo cha siki, kile cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi kuangalia dalili za mwanzo za saratani, ni rahisi, majibu mama anayapata hapo hapo, chanjo ya HPV (kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi) kwa mabinti ipo nchi nzima tangu 2018, lakini kwenye vijiji vingi mama atamsikiliza kungwi kabla hajakusikiliza wewe. Nenda kaongee na makungwi, ukae nao chini mkekani, ujibu maswali yao bila haraka, wana maswali mazuri sana.

Anayeanza daftari wiki hii akikwama kwenye kupanga hatua za ugonjwa aniletee, tutapitia faili moja moja.