Jibu: Dan Seals ndiye yule England Dan

Habari, ndugu. Umeuliza kama mwimbaji Dan Seals wa muziki wa kantri (country) ndiye England Dan wa roki laini, kwani sauti unaitambua lakini majina hayalingani. Ndiye huyo huyo, mzaliwa wa Texas, na hilo la "England" lilikuwa jina la utani tu.

Kwanza angalia jina la mtayarishaji kwenye jalada la albamu. Kyle Lehning, aliyetayarisha wimbo wa 1976 ambao Dan na mwimbaji mwenzake John Ford Coley waliufikisha nafasi ya pili kwenye chati ya Marekani, ndiye pia aliyesimamia albamu zake za kantri, na ndiyo maana sauti ile tulivu haikubadilika sana.

Baada ya hapo anza na Rebel Heart ya 1983, ukiziruka albamu mbili za pop alizotoa peke yake kabla yake, ambazo hazikuvuma. Kisha sikiliza "Bop", uliotangazwa na CMA (Chama cha Muziki wa Kantri cha Marekani) kuwa singo bora ya mwaka 1986, ingawa kwa maoni yangu una dansi zaidi kuliko kantri. Jumla alipata nyimbo 11 zilizoongoza chati ya kantri, mmoja akiimba na Marie Osmond.