Feni inavuma, boila haiwaki: usikimbilie kununua feni

Msomaji ameandika: akifungulia joto, feni ya boila yake ya gesi, ile inayopasha nyumba joto, inavuma vizuri, kisha basi. Hakuna cheche, hakuna moto. Fundi amemwambia anunue feni mpya. Asitoe hela kwanza.

Themostati (kidhibiti joto) ikiomba joto, bodi ya umeme inayoongoza boila hukagua kama swichi ya presha ya hewa imetulia, yaani haijasukumwa na hewa. Ikiridhika, huipa feni umeme. Feni ikivuta moshi, tofauti ya presha hupitia mirija miwili myembamba hadi kwenye swichi, kiwambo cha mpira husogea, swichi inalia "tak", ndipo cheche na gesi huruhusiwa. Kumbe feni inayovuma bila cheche kufuata mara nyingi maana yake bodi haijapata ile "tak".

Mafundi wengi hapo huilaumu swichi. Mjumbe hauawi, jamani! Mara nyingi inasema kweli: hewa haitoshi. Zima umeme, chomoa mirija yote miwili na uitazame kwenye mwanga. Tone moja la maji lililotuama kwenye kona linatosha kuziba presha. Angalia nyufa kwenye ncha, pale mpira unapokauka kwa joto. Pulizia mirija ikiwa imechomolewa pande zote, kamwe isiwe imeshikana na swichi, maana pumzi ya mtu ina nguvu kuliko ya feni na itaharibu kiwambo. Kisha safisha kijitundu cha kupimia presha kwenye feni, mapanga yaliyoshika vumbi, na mdomo wa bomba la moshi nje. Ndege hupenda kujenga humo.

Bado? Unga manomita (kipima presha) kwa viungio vya T kwenye mirija, feni ikizunguka, ulinganishe na namba iliyoandikwa kwenye swichi (milibari 1 ni paskali 100). Tuseme swichi imeandikwa 60 Pa. Manomita ikisoma 110 na swichi haibadiliki, swichi ni mbovu. Ikisoma 45, swichi haina kosa. Rudi kwenye feni na njia ya moshi.

Feni isipozunguka kabisa, pima umeme kwenye waya zake wakati boila inaombwa joto. Volti 230 zipo na feni kimya: feni imekufa au beringi zimekwama. Zima umeme, pima koili (waya uliosokotwa ndani ya mota ya feni); makumi ya ohmu ni kawaida, mita isiposoma kitu koili imekatika. Volti hazipo: usiihukumu bodi bado. Swichi iliyoganda upande wa "hewa ipo" huifanya bodi ikatae kuwasha feni, na hili ndilo linalowapita wengi. Chomoa waya za swichi na upime miguu mitatu: ikiwa imetulia, mguu wa pamoja (COM) uwe umeungana na ule wa mapumziko (NC) tu.

Boila nyingi mpya zinazogeuza mvuke wa moshi kuwa maji ("condensing") hazina swichi hii. Bodi husoma kasi ya feni yenyewe, kwa hiyo fuata kitabu chake.

Kuunganisha waya za swichi moja kwa moja ili boila iwake ni kukaribisha kaboni monoksidi, gesi ya sumu, ndani ya nyumba. Na kifuniko cha chumba cha moto, ambacho nchi nyingi humruhusu fundi mwenye leseni ya gesi pekee kukifungua, kirudishwe na mpira wake mzima. Ukiwa umepasuka, boila isiwashwe mpaka upatikane mwingine.