Kome la Mwambani: Tazama Mdomo Kwanza

Kome, yaani gamba la konokono wa baharini, la kwanza nililoamini ni kisukuku (mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa mwambani) nililiokota Coco Beach, Dar es Salaam, Jumapili asubuhi, maji yamekupwa. Jeupe pee, limechakaa kama limetoka kaburini. Nikajigamba nalo wiki nzima. Kumbe lilikuwa kome la juzijuzi tu, limebabuliwa na jua. Weupe si uzee. Kome tupu likipigwa jua muda mrefu rangi yote huliishia, na likisuguliwa na mchanga hata mistari yake hufutika.

Tangu siku hiyo rangi naiweka kando. Najiuliza kwanza: lilikuwa limekaa wapi? Ule mwamba wenye ncha kali unaoliwa na mawimbi pale Oysterbay ni matumbawe ya kale. Wanajiolojia huuweka katika zama za Plaistosini, zilizokwisha takriban miaka 11,700 iliyopita. Kome lililoshikwa ndani ya mwamba huo, limejaa jiwe tumboni, hilo halina ubishi. Lililolala mchangani lichungulie ndani. Ukilitikisa likamwaga mchanga, huna uhakika wowote. Ukikuta jiwe limegandamana humo na halitoki, hapo una sababu ya kuendelea.

Mara nyingine utakachopata si kome bali umbo la ndani yake. Maji ya mvua yanayopenya mwambani huyeyusha gamba, likabaki lile tope lililogeuka jiwe tumboni. Ni kama lambalamba iliyochanwa mfuko wake: umbo la mfuko lipo, mfuko wenyewe haupo. Hapo usitafute miiba wala mistari, kwani hivyo vilikuwa nje. Hesabu mizunguko, uone kama inapanda juu kama mnara au imebanwa kama chapati iliyokunjwa, basi. Kutaja jina kamili kwa umbo la ndani peke yake ni kujidanganya, na mimi nimejidanganya mara nyingi.

Kama gamba lipo, tazama mdomo. Lishike ncha ikiwa juu, mdomo ukuelekee. Konokono wengi wa baharini mdomo wao utakuwa upande wa kulia. Ukiwa wa mviringo, hauna mfereji wala pengo chini, mara nyingi mwenyewe alikuwa mla mwani, akikwangua mawe. Ukiwa na mfereji au pengo upande wa chini, humo ndimo alimopitisha mrija wa kuvuta maji na kunusa harufu, na wengi wa aina hiyo ni wawindaji au wala mizoga. Kauri utamjua kwa mdomo mwembamba wenye meno pande zote mbili. Conus, konokono mwingine wa baharini, umbo lake ni koni iliyogeuzwa, pana juu, mdomo wake ufa mrefu usio na meno. Huyo akiwa hai usimguse. Ana sumu, na spishi ya Conus geographus imeshaua watu.

Kuna kitu kilinisumbua miezi miwili: kijiwe cha duara, upande mmoja bapa wenye mstari uliojizungusha, upande wa pili umevimba. Nilishaanza kukiita jicho la samaki wa kale. Bibi mmoja anayeokota tondo (konokono wa pwani) Kunduchi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, alikipindua mara moja tu. "Mwanangu, hiki kifuniko. Konokono akiingia ndani anajifungia mlango." Kweli, ni kifuniko cha konokono aitwaye Turbo, kizito kuliko unavyodhani, na huweza kudumu mwambani hata kome lenyewe likiwa limekwisha. Ndiyo maana nawashauri wanaoanza wafahamiane na waokota tondo kabla ya kununua vitabu. Ndugu wengi wa konokono hao wa mwambani bado wanaishi hatua chache mbele, majini.

Kuhusu siki: niliambiwa nidondoshe, ikitoa povu ni kisukuku. Uongo. Kome la jana nalo litatoa povu, maana yote mawili ni chokaa. Mimi niliongeza ujinga, nikaliloweka kome langu kwenye siki usiku kucha ili ling'ae. Asubuhi vinundu vyote vimeliwa, limekuwa kama peremende iliyonyonywa. Mswaki mkuukuu na maji ya bomba vinatosha.

Usigonge mwamba kwa nyundo. Piga picha, weka sarafu ya shilingi 200 kando ili ukubwa uonekane, andika mahali na tarehe. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari, huko rudi na picha tu.

Dirishani kwangu kuna makome manne yenye vikaratasi vya majina. La tano karatasi yake imeandikwa kwa penseli: "Mfereji upo, mdomo umevunjika." Lina miaka mitatu hapo.