Maswali ya Wasomaji: Ventforet Kofu, klabu ya mkoa isiyo na tajiri

Katika toleo lililopita tulitaja kwa mistari michache kwamba Ventforet Kofu, timu ya daraja la pili Japani, ilibeba Kombe la Mfalme, kombe la taifa la huko, mwaka 2022, na kwamba mwaka 2000 ilikaribia kufa. Wasomaji wa kusini wametuandikia kuliko tulivyotarajia, na wengi wanauliza fedha zilitoka wapi, si mabao. Tumechagua barua sita.

Hii Kofu ni ya kampuni gani? Nasikia timu za Japani ni za viwanda vya magari. (Msomaji, Mikindani)

Ulichosikia kina ukweli wake. Kabla ya ligi ya kulipwa kuanza mwaka 1993, timu kubwa za Japani zilikuwa za makampuni, kama tulivyokuwa na timu za mashirika hapa kwetu. Urawa Reds ilitoka Mitsubishi, Yokohama F. Marinos ilitoka Nissan, Kashima Antlers ilitoka Sumitomo, na Sanfrecce Hiroshima ilitoka kwa watengenezaji wa Mazda. Ligi mpya ikazitaka klabu zijitambulishe kwa mji badala ya mwajiri, lakini nyuma ya nyingi kampuni mama ilibaki ikiziba pengo la fedha.

Kofu haikuwa na mama wa namna hiyo. Ilianza mwaka 1965 kwa jina la Kofu Club, timu ya wapenzi wa soka wa mji huo, wengi wao waliosoma shule moja ya sekondari. Ikaingia daraja la pili la ligi ya zamani mwaka 1972 na kubaki huko ikikabiliana na timu za viwanda. Jina la Ventforet lilikuja 1995, na mwaka 1999 ikawa miongoni mwa klabu 10 zilizoanzisha J2, daraja la pili la ligi ya kulipwa. Kofu ni makao makuu ya mkoa wa Yamanashi, wenye watu takriban 800,000, unaopakana na Mlima Fuji na unaojulikana kwa zabibu, mvinyo na mapichi. Wanahisa wake wakuu walikuwa wanne: kundi la gazeti na redio la mkoa, serikali ya mkoa, manispaa ya Kofu na mji jirani wa Nirasaki. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa tayari kutoa fedha bila kikomo.

Mnasema ilikaribia kufa mwaka 2000. Iliponaje? Naomba takwimu, hadithi za moyo wa ushindi tumezichoka. (Msomaji, Ruangwa)

Haya, takwimu. Kofu ilishika mkia J2 miaka mitatu mfululizo: 1999, 2000 na 2001. Mwaka 2000 ilipoteza mechi 19 mfululizo, na mechi ya nyumbani ilikuwa na wastani wa watazamaji wasiofika 2,000. Hasara iliyolimbikizwa ilifikia takriban yeni milioni 450. Wanahisa walikaa kujadili kama waifunge.

Hawakuifunga, ila waliiwekea masharti matatu ya msimu wa 2001, wakayatangaza hadharani: wanachama wa klabu ya mashabiki wafike 5,000, wastani wa watazamaji ufike 3,000 kwa mechi, na mapato ya matangazo yafike yeni milioni 50. Sharti moja likikosekana, klabu inavunjwa.

Angalia kilichokosekana katika orodha hiyo. Hakuna sharti la kushinda mechi. Wanahisa walijua kwamba matokeo ya uwanjani hayaamriki, lakini kadi za uanachama zinauzwa, viti vinajazwa na wadhamini wanatafutwa. Hapo ndipo tunapoona akili yao. Viongozi wengi wa klabu hufanya kinyume: huahidi kupanda daraja, hukopa ili wasajili, na wakikosa kupanda hubaki na deni peke yake.

Rais mpya wa klabu, Umino Kazuyuki, aliingia 2001 akitokea katika lile kundi la gazeti. Hakumsaka mdhamini mmoja mkubwa. Alikata nafasi za matangazo vipande vidogo vidogo, ili hata duka la mtaani liweze kununua. Tangazo maarufu kuliko yote likawa lile la kwenye machela ya kubebea majeruhi. Mchezaji akiumia, uwanja mzima unaangalia machela, basi nafasi hiyo ina thamani. Wasiokuwa na fedha taslimu walilipa kwa huduma: dobi akafua jezi, mgahawa ukalisha wachezaji. Klabu haikuwa hata na uwanja wake wa mazoezi, ilihama kutoka kiwanja kimoja cha umma hadi kingine.

Mwisho wa 2001 masharti yote matatu yalikuwa yametimia, na timu imeshika mkia vilevile.

Mimi ni mshika fedha wa timu yetu ya wilaya. Tukitaka kuiga, tuanzie wapi na wapi tutateleza? (Msomaji, Masasi)

Anzia kwenye daftari kabla ya kwenda kwa wadhamini. Andika gharama za msimu mzima: posho, usafiri wa ugenini (ukiwa Masasi hili ndilo litakalokumeza), malazi, waamuzi, dawa, jezi. Kisha gawa jumla katika mafungu matatu ya Kofu, yaani kadi, mlangoni na matangazo. Tuseme kwa mfano kadi 2,000 za shilingi 10,000, hiyo ni milioni 20. Mlangoni watu 1,000 kwa shilingi 2,000 katika mechi 15 za nyumbani, milioni 30. Matangazo 60 ya shilingi 150,000, milioni 9. Jumla milioni 59. Kama gharama zako ni milioni 90, usijipe moyo kwamba pengo litazibwa na mbunge. Punguza gharama au ongeza malengo, na ubandike malengo hayo ukutani watu wayaone.

Sasa kuteleza. Kwanza, kadi isimwingize mwanachama bure. Ukifanya hivyo umeuza mechi 15 kwa shilingi 10,000, na fungu la mlangoni linakufa. Mpe punguzo, haki ya kupiga kura na nafasi ya kununua tiketi mapema. Pili, hesabu tiketi zilizouzwa, usihesabu vichwa jukwaani. Wanaoingia kwa kujuana ndio wanaofanya uwanja uonekane umejaa na sanduku likawa jepesi. Tatu, tangazo lilipwe nusu kabla ya kuchorwa, maana ubao ukishasimama uwanjani mdhamini hana haraka tena. Nne, huduma zinazotolewa badala ya fedha ziandikwe kwa bei yake. Mama lishe akilisha wachezaji 25 mara mbili kwa wiki, hiyo ni fedha. Usipoiandika, mwaka ujao atakayekuja baada yako hatajua timu inagharimu kiasi gani kweli.

Jambo moja Kofu hawana na nyinyi mnalo: msimu wa korosho. Wakulima hulipwa kupitia AMCOS baada ya minada, kwa kawaida kuanzia Oktoba hadi karibu na mwisho wa mwaka. Kadi ziuzwe wakati huo, tena pale pale kwenye vyama vya msingi. Ukizipeleka Machi, utarudi nazo mkononi. Tofauti na Kofu, msiombe halmashauri iwe mwanahisa kabla hamjawa na hesabu zilizokaguliwa, kwa sababu mkurugenzi akibadilika nanyi mtabadilikiwa.

Kwa nini timu hii haitulii? Leo ligi kuu, kesho chini. (Msomaji, Lindi mjini)

Kwa sababu inauza wafungaji wake. Mwaka 2005 ilimaliza ya tatu J2 chini ya kocha Oki Takeshi, ikacheza mtoano wa kupanda daraja na Kashiwa Reysol ya ligi kuu. Nyumbani ilishinda 2-1 katika usiku ambao taa za uwanja zilizimika mechi ikiendelea. Ugenini ilishinda 6-2, na mabao yote sita yalifungwa na Mbrazili Baré. Mwaka 2007 Baré akaenda Gamba Osaka, na Kofu ikashuka mwaka huohuo. Ikapanda tena 2010 kwa mabao ya Mike Havenaar, aliyefunga 17 katika ligi kuu mwaka 2011 na bado timu ikashuka. Mwaka 2012 Davi alifunga 32, Kofu ikatwaa ubingwa wa J2 bila kufungwa katika mechi 24 za mwisho, naye akaondoka kwenda Kashima.

Baada ya hapo kocha Jofuku Hiroshi alibadili mapishi: acha kutegemea mfungaji, funga mlango. Mwaka 2014 Kofu ilifunga mabao 27 tu katika mechi 34, lakini iliruhusu 31, ikamaliza ya 13. Haikuwa soka ya kupendeza, tukubaliane, ila iliwaweka ligi kuu kuanzia 2013 hadi 2017. Winga Ito Junya, aliyekuja kuchezea timu ya taifa na klabu za Ulaya, alianzia hapo mwaka 2015. Alikaa msimu mmoja tu.

Je, ndiyo timu ya kwanza ya daraja la pili kubeba Kombe la Mfalme? Na fainali ilikwendaje? (Msomaji, Newala)

Si ya kwanza. FC Tokyo ilibeba mwaka 2011 ikiwa J2, lakini ile ilikuwa timu kubwa iliyoteleza msimu mmoja. Kofu ilimaliza ligi ya 2022 ikiwa ya 18 kati ya timu 22, na njiani iliwatoa wanne wa ligi kuu: Sapporo, Sagan Tosu, Avispa Fukuoka, kisha Kashima Antlers 1-0 katika nusu fainali.

Fainali ilichezwa Yokohama, 16 Oktoba 2022, dhidi ya Sanfrecce Hiroshima. Mitsuhira Kazushi alifunga dakika ya 26, Hiroshima wakasawazisha dakika ya 84. Katika muda wa nyongeza beki Yamamoto Hideomi, mwenye miaka 42 na aliyekuwa klabuni tangu 2003, alishika mpira ndani ya eneo la hatari. Kipa Kawata Kohei akaipangua penalti hiyo, na akapangua nyingine katika mikwaju. Mkwaju wa tano alipewa Yamamoto yuleyule, akafunga. Ikawa 5-4. Zawadi ilikuwa yeni milioni 150, pamoja na tiketi ya Ligi ya Mabingwa ya Asia.

Huko Asia, uwanja wa Kofu haukukidhi masharti ya AFC, shirikisho la soka la Asia, hivyo mechi za nyumbani zilihamishiwa Uwanja wa Taifa, Tokyo, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao. Wengi walitegemea majukwaa matupu. Badala yake mashabiki wa klabu nyingine walikuja wakiwa wamevaa jezi za timu zao wenyewe, na kila mechi ya makundi ilipata zaidi ya watu 10,000. Kofu iliongoza kundi lenye Melbourne City, Buriram na Zhejiang kwa pointi 11, ikatolewa na Ulsan ya Korea Kusini kwa jumla ya 5-1.

Shikamooni. Nakata Hidetoshi aliichezea Kofu? Na nikitaka kuangalia mechi zao, ni saa ngapi kwetu? (Mwanafunzi, Kilwa Masoko)

Marahaba, mwanetu. Hakuichezea kamwe. Alizaliwa Kofu na kusoma sekondari Nirasaki, lakini mwaka 1995 alikwenda moja kwa moja Bellmare Hiratsuka, kisha Perugia ya Italia mwaka 1998. Wakati huo Kofu haikuwa na uwezo wa kumlipa.

Kuhusu saa, Japani wametutangulia saa sita. Mechi ya saa nane mchana kwao unaiona saa mbili asubuhi, na ya saa moja usiku inakuwa saa saba mchana kwako. Zoea pia kalenda mpya: kwa miaka mingi ligi yao ilianza Februari na kuisha Desemba, lakini wameamua kuhamia msimu unaoanza Agosti, kuanzia 2026.